Mpira wa Katikati ni wa Nani?

Sevu inayotisha katika voliboli ya ufukweni ni ile isiyo na kishindo. Huvuka wavu polepole, ikaelea kidogo kwa upepo, kisha ikaangukia baina ya wachezaji wawili wanaotazamana, kila mmoja akidhani kuwa mwenziwe ndiye mwenye mpira. Ukifungwa kwa smashi kali unaweza kujifariji kwamba mpigaji alikuwa na nguvu, lakini mpira ulioanguka katikati hauna wa kulaumiwa ila nyinyi wawili, na lawama hiyo hugawanyika kwa shida sana. Nimeucheza mchezo huu tangu nikiwa msichana wa shule katika fukwe za Bamburi na Nyali, lakini suala la nani mwenye mpira wa katikati nililishughulikia kwa dhati mara ya kwanza nikiwa Copacabana, Rio de Janeiro, nikifanya mazoezi na mchezaji ambaye nilikuwa bado sijaingia naye katika shindano lolote.

Wakenya wengi wanaijua voliboli ya ukumbini, ile ya wachezaji sita ambayo Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake, wameipatia nchi sifa barani Afrika. Ya ufukweni inafanana nayo kwa mbali. Uwanja ni wa mita 16 kwa 8, kwa hiyo kila timu ina mita 64 za mraba za kulinda kwa miguu minne. Hakuna mchezaji wa akiba. Mmoja akiumia asiweze kuendelea, timu imeshindwa. Kocha naye, kwa sheria zilizotumika kimataifa kwa miaka mingi, alikaa jukwaani kama mtazamaji mwingine yeyote. Na kuna jambo ambalo halimo katika kitabu cha sheria lakini ndilo linalotawala mechi: kwa kuwa anayepokea sevu ndiye ambaye kwa kawaida huupiga mpira kwenda kwa wapinzani katika mguso wa tatu, wapinzani ndio wanaochagua nani kati yenu afanye kazi. Wakiona mmoja wenu ni dhaifu katika kupokea, watamsevia yeye tangu alama ya kwanza hadi ya 21, na mwenziwe atabaki kuwa mwinuaji tu, wa kumwandalia mpira apige, hata akiwa mpigaji hodari namna gani.

Mwenzangu mpya ametoka Kakamega, na alikulia katika voliboli ya ukumbini akicheza nafasi ya mzuiaji wa kati. Ana mikono mirefu kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kusimama naye upande mmoja wa wavu, na akiona mpira wa kuzuia haoni kitu kingine. Lakini wazuiaji wa kati wa ukumbini wamedekezwa na sheria. Tangu libero, mchezaji maalumu wa kupokea na kulinda safu ya nyuma, alipoanzishwa mwaka 1998, yeye ndiye huingia badala yao wanapofika safu ya nyuma, kwa hiyo mtu anaweza kuchezea klabu nzuri kwa miaka mingi pasipo kupokea sevu za kutosha kumkomaza. Mwenzangu wa zamani, ambaye nilielewana naye hata kwa ukonyezo, alipata kazi Doha kama walivyopata wengi wa rika letu hapa Mombasa. Nikabaki nikitafuta mtu mrefu. Naye huyu, aliyechoshwa na maumivu ya magoti kwa kuruka kwenye sakafu, alikuwa akitafuta mchanga.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Kocha mmoja wa Kibrazili, aliyeniona nikifanya mazoezi katika ufuo wa Pirates hapa Mombasa alipokuja matembezini, alinikaribisha kambini kwake pamoja na mwenzangu iwapo tungejilipia nauli. Tulifanya harambee, jamaa na marafiki wakatuma kwa M-Pesa, na ofisi moja iliyotuahidi tiketi haikujibu tena barua zetu. Tulipitia Addis Ababa, tukavuka bahari hadi São Paulo, tukafika Rio tukiwa na kadi za chanjo ya homa ya manjano mkobani na miguu imevimba.

Wengi waliniuliza kwa nini mazoezi hayo hayo tusiyafanye nyumbani, ilhali bahari tunayo na mchanga tunao. Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika maji. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Pale Pirates, yaani Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, maji yakijaa hubaki ukanda mwembamba wa mchanga ulioinama, nao hugombaniwa na waogeleaji, wenye ngamia, wauza mabuyu na wapiga picha. Yakitoka, nafasi inakuwa tele, lakini mchanga umelowa na kushikana kiasi kwamba ukikanyaga huzami. Aidha, saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo wiki hii mazoezi ni alfajiri na wiki ijayo ni adhuhuri, jua likiwa utosini. Mtu aliyeajiriwa hawezi kumweleza mkubwa wake wa kazi kuwa leo atachelewa kwa sababu ya mwezi. Copacabana maji hupanda na kushuka kwa zaidi kidogo ya mita 1 tu, na ufuo wenyewe ulipanuliwa kwa mchanga wa kuletwa mnamo 1970 hivi, hivyo kati ya barabara na bahari pana nafasi ya viwanja vingi. Jioni taa kubwa huwashwa na watu wakaendelea kucheza, wengine wakiupiga mpira juu ya wavu kwa miguu na vichwa bila kuugusa kwa mikono, mchezo ambao wenyeji wanauenzi sana. Saa mbili asubuhi ni saa mbili asubuhi, mwezi uwe mchanga au mpevu.

Mchanga ule ni mkavu na mzito, na mguu huzama hadi kwenye kifundo. Sheria za kimataifa zinataka kina cha angalau sentimita 40 cha mchanga laini usioshikana, na pale kina hicho kipo. Watafiti wa mwendo wa binadamu wamepima na kuona kuwa kukimbia mchangani hula nishati takriban mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu; mashavu ya miguu yetu yalilifahamu hilo kabla ya siku ya kwanza kwisha. Hata mruko hubadilika. Ukumbini mpigaji huruka huku akienda mbele, lakini mchangani akifanya hivyo kisigino huchimba na nguvu ikapotea, kwa hiyo hana budi kuusimamisha mwili kwanza, nyayo zikikanyaga bapa, kisha aruke wima. Kwa mtu aliyeruka namna moja tangu shule ya upili, huko ni kuanza upya, na mwenzangu alianza upya bila kunung'unika, jambo ambalo namheshimu kwalo mpaka leo.

Kwenye upepo mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji. Mtu aliyekulia Mombasa huyajua majira kwa upepo, kusi na kaskazi, na alfajiri huusikia umande ukitoka bara. Rio ilikuwa majira yao ya baridi, na kila baada ya siku kadhaa ulivuma upepo wa kutoka kusini, ukileta mawingu na mawimbi makubwa. Mpira wa ufukweni hujazwa pumzi kidogo kuliko wa ukumbini, kwa hiyo ni laini zaidi na upepo huuchezea upendavyo. Sevu ya kuelea iliyopigwa kuukabili upepo hushuka ghafla mbele ya mpokeaji. Iliyopigwa upepo ukiwa mgongoni hunyooka hadi ikatoka nje. Ndiyo sababu timu hubadilishana pande kila jumla ya alama inapotimia 7, au 5 katika seti ya tatu, ili pasiwepo anayeonewa na hewa wala jua. Nilimwonyesha mwenzangu namna ya kuurusha mpira chini zaidi anaposevu, na namna ya kuutazama upepo kabla ya filimbi. Baada ya hapo akawa yeye ndiye anayenikumbusha.

Ndipo tukafika katikati. Kocha alisimama upande wa pili, akawa anasevu baina yetu asubuhi nzima, mpira baada ya mpira, bila kuuelekeza hata mmoja kwa mtu. Ipo kanuni inayofahamika na wachezaji wengi: aliye mshazari na anayesevu ndiye mwenye mpira wa katikati, kwa sababu mpira unamjia usoni, ilhali kwa mwenziwe, aliye mkabala na anayesevu, mpira huo huo unamkimbia. Ni kanuni nyepesi kuieleza. Kuitii ni kazi nyingine, kwani kila mmoja wetu alikuja na mazoea yake. Mimi nilikuwa nimezoea kuichukua mipira yote ya katikati, kwa kuwa mwenzangu wa zamani alikuwa mzito wa miguu. Huyu mpya alikuwa amezoea kwamba mpira wowote wenye shaka ni wa libero. Wakati mwingine tuligongana mabega, wakati mwingine tuliuacha ukaanguka, sote tumesimama.

"Dada, kama ni wako si useme?" aliniuliza.

"Nimesema."

"Umesema ukiwa ushaufikia."

Sote wawili tulikuwa tunasema kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Sauti inayotoka mpira ukiwa umeshavuka wavu humkuta mwenzako keshaanza kwenda au keshaamua kutokwenda, na haimsaidii kitu. Kocha akaweka sharti: neno litoke kabla mpira haujavuka wavu, na ikiwa hakuna aliyesema mpaka hapo, mpira ni wa aliye mshazari, hata akiona kwa macho yake kuwa mwenziwe yuko karibu zaidi. Sharti hilo lilitugharimu mipira kadhaa ambayo mtu mwenye akili timamu angeidaka. Hata hivyo kimya nacho kikapata mwenyewe, na ugomvi ukapungua.

Kazi ya wavuni ilikuwa na matata yake. Ninaposevu, mwenzangu husimama wavuni akinipa mgongo, mikono ameificha nyuma ya kiuno ili wapinzani wasiione. Kidole kimoja maana yake atazuia mpira wa mstari, yaani unaopigwa sambamba na mstari wa pembeni. Viwili, atazuia wa mshazari. Ngumi, hataruka, atarudi nyuma tulinde pamoja. Mkono wa kushoto humhusu mpinzani wa kushoto, na wa kulia humhusu wa kulia. Sasa, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimefungwa pamoja kwa plasta nyeupe baada ya kimoja kuteguka, na plasta ile ilishika mchanga hata ikawa rangi moja na ufuo. Nikiwa mstari wa nyuma, mita 8 kutoka wavuni, kimoja na viwili vilikuwa kitu kimoja. Tukakubaliana kwamba kwa mkono ule mstari utakuwa kidole gumba. Hata plasta ilipotolewa hatukuurudisha utaratibu wa zamani, na mchezaji yeyote atakayeletwa kesho kushika nafasi yangu atauona mkono ule asiuelewe.

Ishara zile ni ahadi. Mzuiaji akisema atafunga mstari, mlinzi hukimbilia mshazari kabla mpira haujapigwa, kwa sababu akisubiri kuona hatafika. Mwenzangu, kwa silika ya ukumbini ambako nyuma yake husimama watu kadhaa wa kuziba mapengo, alikuwa akibadili nia hewani kila alipouona mkono wa mpigaji ukigeuka. Mara nyingine alifanikiwa na mpira ukarudi miguuni mwa mpigaji, jambo ambalo lilifanya iwe vigumu zaidi kumkataza. Mimi naona ni afadhali kuzuia pasipofaa kwa kukubaliana kuliko kuzuia panapofaa kwa siri, maana la kwanza tunaweza kulirekebisha katika sevu inayofuata. Yeye hajalikubali moja kwa moja.

Mechi iliyotufunza zaidi tuliicheza na wanawake wawili wa pale pale ufukweni, umri wa mama zetu wadogo, ambao hakuna aliyekuwa akiruka zaidi ya unene wa kitabu. Walitutazama tukipasha mwili, wakaongea kidogo, kisha wakaanza kumsevia mwenzangu. Kila sevu ilikuwa yake. Hawakupiga smashi hata moja ya maana. Waliuinua mpira juu ya mikono yake mirefu ukaenda kuangukia pembeni, au wakausukuma kwa vifundo vya vidole, kwa kuwa kuusukuma kwa ncha za vidole ni kosa katika mchezo huu. Seti ya kwanza tulishindwa vibaya. Mwenzangu akikosea huwa ananyamaza, na mchezaji aliyenyamaza upande wa pili wa wavu ni mwaliko. Katika seti ya pili niliacha kumpa moyo, kwa kuwa maneno ya moyo hayana habari ndani yake, nikawa nampa habari tu: nikishamwinulia mpira, yeye anautazama mpira, mimi nawatazama wapinzani, namwambia "mstari" au "mshazari" kulingana na palipo wazi. Akaanza kupiga pale nilipotaja bila kugeuza kichwa. Akaanza naye kunijibu. Seti ile tuliichukua, na ya tatu tukashindwa 15 kwa 13, nao wale kina mama wakatununulia madafu. Madafu ya Rio hutolewa kwenye friji, jambo ambalo mzee yeyote wa madafu wa Mombasa angelitilia shaka, lakini baada ya seti tatu sikuwa na hali ya kubishana.

Suala la mavazi liliwashughulisha zaidi watu wa nyumbani kuliko wa kule. Mimi hucheza nikiwa nimejifunga kichwa, na suruali ndefu ya kubana. Shirikisho la kimataifa, FIVB, lililegeza masharti ya mavazi ya wanawake mwaka 2012, na katika Olimpiki ya 2016 iliyochezwa ufuo huo huo wa Copacabana, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza akiwa na hijabu, pamoja na mwenziwe Nada Meawad ambaye hakuivaa. Wote wawili walikuwa na mikono mirefu na suruali ndefu. Hilo la wote wawili ndilo lililotuhusu, kwa kuwa wachezaji wa timu moja hutakiwa kuvaa sare ya rangi na mtindo mmoja. Mwenzangu ni Mkristo, na hakuwa na sababu ya kufunika miguu yake isipokuwa mimi. Alilalamikia joto kwa muda mfupi, kisha akagundua kuwa suruali humkinga na michubuko anapojitupa, basi tukamaliza mazungumzo. Elghobashy alirudi Olimpiki Paris mwaka 2024, safari hii na Marwa Abdelhady.

Wabrazili wenyewe wana kisa ambacho kila mtu ufukweni pale alitaka kutusimulia. Ana Patrícia na Duda walitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Vijana pamoja huko Nanjing mwaka 2014. Kisha wakaachana, na katika michezo ya Tokyo kila mmoja alikuwa na mtu mwingine: Duda na Ágatha, Ana Patrícia na Rebecca. Walirudiana, wakawa mabingwa wa dunia Rome mwaka 2022, na mwaka 2024 wakachukua dhahabu ya Paris, chini ya Mnara wa Eiffel. Sisi Wakenya tuna uzi unaotuunganisha na kisa hicho, kwani Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi, wawakilishi wa kwanza wa Kenya katika voliboli ya ufukweni ya Olimpiki, walipangwa Tokyo kundi moja na Ana Patrícia na Rebecca, pamoja na timu za Marekani na Latvia. Walipoteza mechi zote tatu. Niliwatazama nikiwa Mombasa, na kilichonigusa ni kuwaona wakiendelea kusemezana mpaka alama ya mwisho.

Kwa sababu hiyo naupinga mtindo wa kuwaunganisha wachezaji wawili wiki chache kabla ya mashindano kwa kuangalia urefu na uwezo wa kila mmoja peke yake, kisha kuwalipia tiketi kwenda kushindana ughaibuni. Fedha hizo zingefaa zaidi kulipia kambi ya watu wawili ambao tayari wamekubaliana kuvumiliana kwa miaka. Ugeni wenyewe ulitusaidia kwa njia moja ambayo mazoezi ya nyumbani yasingeweza: hapakuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Nikikasirika Mombasa, nina mama, nina shoga zangu Kisauni, naweza kukaa nao mpaka hasira ipoe na jambo lisisemwe. Rio tulilala chumba kimoja, tukala wali na maharagwe yale yale yasiyo na tui, na nilipomaliza mazoezi ya asubuhi saa nne, nyumbani ilikuwa saa kumi alasiri na kila mtu yuko kazini kwake. Jambo likitokea uwanjani ilibidi lisemwe kabla ya chakula cha mchana, na msikilizaji alikuwa mmoja tu.

Tuliporudi, mwenzangu hakuendelea hadi Kakamega. Amepanga chumba Bombolulu na anafundisha watoto mazoezi ya viungo asubuhi, siku ambazo maji yamejaa. Tumepata kipande cha mchanga mkavu juu ya alama ya maji makuu, karibu na minazi, tukakilima kwa jembe hadi kikalainika, ingawa hakifikii kina cha Copacabana. Kusi imetubadilishia hesabu kidogo: ikivuma kwa nguvu huusukuma mpira wa katikati upande mmoja, na kanuni ya mshazari huanza kutudanganya, kwa hiyo siku hizo tumeamua kuwa mpira ni wa yule aliye upande ambao upepo unaelekea, tukitamka hivyo kabla ya kila seti. Lililobaki ni lile la kubadili nia hewani. Anataka nimruhusu afanye hivyo kila mwinuaji wao anapoukosea mpira. Mimi nimekubali pale tu mpira unapokuwa umesogea hadi juu ya wavu kabisa, ambapo mpigaji hana njia nyingi na nyuma sina kazi kubwa. Mpira ukiwa hata nusu mita kutoka wavuni, nataka atimize alichoonyesha kwa kidole. Tuna mechi na timu za Nairobi hivi karibuni, na ameniambia wazi kuwa akiona mkono wa mpigaji umegeuka hataweza kujizuia.